Kidole Gumba

Mashine tatu, moja haina kifuniko,
feni yake imefungwa kwa waya wa kutundikia nguo.
Chumba kilikuwa stoo ya chaki;
hata leo ukipangusa meza, kitambaa hutoka cheupe.
Humo, juu ya kilima, Kampala ikipiga honi chini yetu,
tulitaka kukifundisha chuma kuona.

Kuona nini? Jani la muhogo.
Daktari Tumuhairwe alilichora ubaoni siku ya kwanza,
vidole saba vimetanuka,
likatoka kama mkono wa trafiki unaosimamisha lori.
Hatukucheka. Mshahara ulikuwa haujatoka.

Nikatumwa Ngora na kamera ya kuazima.
Wiki sita za baiskeli,
mfuko wa nailoni juu ya lenzi,
na watu walioniuliza shambani mwao
kama natoka benki au natoka chama.
Kila jani lenye batobato,
lililojikunja, lililokonda kama ulimi wa mbuzi,
nililishika kwa mkono wa kushoto, nikaligeuzia jua,
nikabonyeza.
Yale mazima niliyapiga yakiwa mtini.
Ya nini kuyasumbua?

Elfu tatu mia mbili na kumi na nne.
Nakanwagi alihesabu mara mbili, hakuniamini.
Chini ya kila picha tukaandika jina la hali yake.
Hatukuandika *gonjwa*, kama jani linavyodai kwa sarufi;
tuliandika *mgonjwa*, kama hospitali,
mgonjwa, mzima, mgonjwa, mgonjwa,
mpaka neno likawa mate tu.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nane.
Usiku wa pili, saa kumi kasorobo.
Usiku wa tatu Nakanwagi alilala na ufunguo wa jenereta mkononi,
na korongo juu ya paa wakagonga bati
kama wadai.

Asubuhi: asilimia tisini na saba.
Tukala chapati za mayai kwa deni.
Nilimpigia mama simu,
nikashindwa kumweleza nimeshinda nini.

Kisha, siku mbili kabla ya wageni wa wizara,
nikachuma jani nyuma ya jiko la chuo,
la kijani, linang'aa kwa mvua,
nikaliinua mbele ya kamera.
*Mgonjwa.*
La pili. *Mgonjwa.*
Jani la mpera. *Mgonjwa.*
Risiti ya chapati. *Mgonjwa.*
Nikatupa kila kitu, nikabaki na mkono mtupu.
*Mgonjwa*, ikasema,
asilimia tisini na tisa.

Nakanwagi ndiye aliyeuona kwanza,
ukucha wa kidole gumba changu,
mweusi, umepasuka katikati,
kwenye kila picha ya ugonjwa, pembeni, umetulia,
kama karani aliyegonga mhuri.

Nilikuwa na miaka tisa jembe liliponipata.
Mwaka ule batobato ilikula Ngora yote;
tulichimba usiku, bila taa,
shamba lisilo letu.
Hilo sikuliandika chini ya picha yoyote.

Daktari aliwaahirisha wageni. Nauli akatoa mfukoni mwake.
Nikarudi na glavu ya mpira, nikashika wagonjwa na wazima,
na Bi Akiteng akanitazama safu nzima bila neno,
mimi na mkono wangu mmoja wa daktari.
Mwishoni akaniuliza, "Na huu?"
Mti mrefu, majani safi, hata doa.
Mzima, nikasema.
Akaung'oa. Akaukata mzizi kwa panga,
na ndani, kutoka ngozi hadi moyo,
michirizi ya kahawia, kama kutu.

"Hii," akasema, "mwambie mtoto wako wa chuma
aione akiwa wapi."

Nilikuwa nimeshabonyeza.
Daftarini niliandika *mzima*, nikafuta,
nikaandika, nikafuta,
karatasi ikatoboka.