Sifuri Maana Yake Milele

Programu ilikuwa ya majaribio, siku thelathini bure,
na siku ya thelathini na moja ikaendelea kufunguka,
ila kwanza inaomba: tafadhali, ninunue.
Babu Ilgvars alibofya "baadaye" kila asubuhi
kwa adabu, kama anayemwamkia karani.

Kompyuta ilikaa jikoni kwake, mjini Rēzekne,
kati ya jiko la kuni na dirisha lililoota barafu.
Miaka thelathini na minne alikuwa mtu wa ishara relini:
bendera nyekundu, bendera ya kijani, usiku taa.
Kipanya alikishika kama yai la kuiba.

Picha zilikuwa saba. Nilizipiga mimi
kwa kamera ya shule, stesheni, theluji hadi vifundoni.
Bibi Zenta yuko dirishani, behewa la tatu,
anakwenda Riga kupasuliwa, anapunga mkono.
Saba tu, betri ikafa.
Ya Riga sisemi.

"Mtie mwendo," Babu aliniambia.
Nikamfundisha: hii ni fremu, hii inaifuata,
hapa unaandika kila moja ikae muda gani,
kwa sehemu za mia za sekunde.
Akacheka, mara ya kwanza tangu Novemba:
"Sisi tulihesabu dakika, na bado tulichelewa."

Rangi ni mia mbili hamsini na sita, basi,
dunia nzima igawane hizo.
Koti la Bibi, zambarau ya biti iliyoiva,
likatafutiwa jirani, likaja kahawia lenye madoa.
Babu akagoma. Akainyang'anya mbingu rangi zake,
akainyang'anya theluji, akamnyang'anya kondakta kofia,
zote akazihamishia kwenye koti.
Mbingu ikabaki mistari mistari, kama shuka lililofuliwa ovyo.
"Mbingu itavumilia," alisema.

Lakini mkono uliruka.
Ulikuwa begani, mara uko juu ya kitambaa cha kichwa,
haukupita popote.
Ikabidi tuchore njia, doti kwa doti,
huku picha iliyotangulia ikionekana kwa chini, hafifu.
Akauliza chombo hicho kinaitwaje.
Ganda la kitunguu, nikamwambia.
Akapangusa macho kwa mkono wa sweta:
"Ndiyo maana."

Fremu ya saba niliifuta bila kuuliza.
Ilikuwa mbovu: treni imekwisha kung'oka,
macho nusu yamefumba, mdomo umepinda
katikati ya neno ambalo hatukulisikia.
Bila hiyo, mwendo ukawa laini kama siagi.
Babu alitazama, akatazama.
"Huyu mwanasesere. Nirudishie Zenta."
Nikamrudishia.

Mwisho kikatokea kisanduku: irudiwe mara ngapi?
Na chini yake, kwa herufi za sisimizi:
sifuri maana yake milele.
Alikisoma kwa sauti, mara mbili.
Akaandika sifuri.

Nilikwenda kulala nikiona mwanga wa buluu mlangoni.
Alfajiri nikamkuta palepale, chai imeganda utando,
na Bibi bado anapunga, anapunga, anapunga;
wala si kuaga tena, alikuwa kama anafuta kioo.
"Ishara isiyokoma si salamu," Babu alisema.
"Relini tungesimamisha kila kitu,
tukaenda na taa kutafuta ajali."

Akafuta sifuri. Akaandika tatu.
Kwa nini tatu?
"Ndizo alizopunga. Wewe ulikuwa unapiga picha,
mimi nilikuwa nahesabu."

Sasa mkono huinuka mara tatu na kutulia
kwenye ile fremu ya saba, neno lingali mdomoni.
Haurudii wenyewe. Ukitaka tena,
funga kila kitu, fungua upya, subiri ile programu kongwe iamke,
iombe kununuliwa.
Naye kila asubuhi, kabla ya mkate, hufanya hivyo:
"baadaye" kwanza,
kisha Zenta.