Ndoo ya Lugodisha

Lami waliimwaga juzi usiku, bado inanata viatuni.
Mawe ya pembeni wameyapaka chokaa,
na lile jabali ambalo baruti ilishindwa kuling'oa
wamelivika bendera, likawa sehemu ya ramani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
leo bomba la chumba cha tatu limetoa maji.

Nimevaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani.
Miaka ishirini na tisa nimehesabu mayai ya kichocho
chini ya bati, ubavuni mwa banda la jenereta,
kwa hadubini ya kioo, inayoomba jua.
Siku ya mawingu tulikunywa chai.
Siku ya jua, chupa za watoto wa Kayenze
zilipangwa dirishani, nyekundu kama chai ya rangi,
na wenyewe nje wakibishana ya nani imekolea,
kana kwamba kukojoa damu ndiko kubalehe.

Mkurugenzi anasoma. Ametaja mashine saba,
wafadhili, mkandarasi, fedha mpaka senti.
Upepo wa ziwa unamgeuzia karatasi kabla hajamaliza.
Mimi macho yako getini.

Lugodisha amefika na baiskeli,
ndoo ya konokono kwenye keria, kama kila Jumanne.
Mlinzi mpya amemzuia kwa rungu.
"Leo hatupokei samaki."
"Si samaki."
"Ni nini basi?"
Akafunua. Mlinzi akarudi nyuma hatua mbili.

Huyu ndiye anayeingia majini hadi mapajani,
kwenye matete, huko ambako sisi wenye vyeti
tunasimama ukingoni na kalamu.
Buti alizopewa zilitoboka mwaka ule wa mafuriko;
fomu ya kuomba nyingine ingali inatafuta sahihi.
Mara nne nimeupima mkojo wake mwenyewe,
mara nne nikayakuta mayai na miiba yake,
nikaandika namba, si jina, ndiyo kanuni,
nikampa vidonge,
naye Jumanne akarudi majini.
Namba ile haimo kwenye marumaru.

Makofi. Pazia la bluu limegoma, kamba imenasa.
Mheshimiwa akavuta, akacheka, akavuta tena,
mpaka fundi akapanda kiti na koleo.
Jina likang'aa, tarehe ikang'aa.
Kwaya. Picha. Soda. Ving'ora vikishuka kuelekea mjini.

Saa kumi na moja, viti vikirundikwa,
nilikwenda getini nikamwita.
Alikuwa amekaa juu ya jiwe lenye chokaa, nyuma ya suruali nyeupe,
akiwamwagia konokono maji ya chupa aliyoinunua
wasije wakamfia mkononi.
Mlangoni akavua kandambili. Nikasema, vaa.
Akasema, sakafu hii inanitazama.

Ndoo ikayumba. Maji ya ziwa yakadondoka
kuanzia kizingitini, chini ya jiwe lenye jina,
mpaka meza namba moja, doa baada ya doa,
na konokono mmoja, mdogo kama punje ya dengu,
akaanza kuupanda ukuta wa vigae, taratibu,
bila kibali.

Nilikwenda kutafuta deki.
Nilipoipata, nikaiegemeza pembeni,
nikawasha taa.