Nambari 017

Ofisini Tunguu, feni moja na mafaili mia tatu,
kazi yangu ni kutoamini.
Mwenzangu wa uhasibu hutafuta shilingi zilizopotea,
mie hutafuta ridhaa.

Fomu arubaini na moja zimekuja kutoka Pemba.
Mahali pa sahihi pana dole gumba,
na dole gumba halina mistari,
doa tu la wino, laini,
kama zambarau iliyopondeka juu ya shuka.
Arubaini na moja. Yote yamefanana.

Nikasema, huyu Dokta Suwedi kachovya kidole chake mwenyewe.
Nimeshamkamata mmoja, mwaka ule wa mafuriko,
aliyejigeuza wagonjwa sitini kwa usiku mmoja wa Ramadhani:
baada ya futari, alikiri, na kabla ya daku.
Basi nikajaza fomu ya kusimamisha utafiti
(zipo fomu kwa ajili ya fomu),
nikapanda boti ya asubuhi
na nikatapika mpaka Mkoani kwa niaba ya kamati.

Maziwang'ombe, sheha akaleta viti viwili,
kimoja changu na kimoja chake.
"Nataka kuzungumza nao peke yao, sheha."
"Peke yao?"
Kama niliyemwomba chai bila ya maji.

Akaja mama mmoja, mikono ingali na mchanga.
Akanitajia jina lake, la baba, la babu,
na la kisima alichozikiwa kitovu chake karibu.
Nikaandika: 017.
Akachungulia. "Ndo mimi huyo?"
Ndo wewe, bibi. Ni kwa usalama wako.
"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa nguo isiyomtosha
na aliyempa yuko mbele yake.

Kisha akanyoosha mkono bila kuombwa.
Miaka ishirini na mbili ya mwani,
kufunga taitai, kufungua taitai, chumvi, kamba,
na dole lake ni jeupe, jororo, tupu.
"Hata wale wa vitambulisho, mashine yao ilinikataa.
Wakanambia nirudi siku nyengine.
Nkawauliza, nirudi na kidole cha nani?"

Udanganyifu hakuna, basi.
Ningeweza kufunga daftari hapo, nikawahi gari la Wete.

Lakini swali la sita lilibaki, nami ni mtu wa kumaliza karatasi.
*Ulielezwa kwamba unaweza kukataa?*
Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.
"Mwanangu. Mgeni kafika mlangoni, sheha kamtangulia,
kaomba maji, na mtungi wangu anauona.
Nseme sina?"

Ukutani kwetu Tunguu tumebandika *Hiari yashinda utumwa*.
Miaka tisa napita chini yake na kikombe mkononi.

"Walisema damu kijiko kimoja cha chai.
Nkauliza, cha kukorogea au cha kupimia dawa?
Yule kijana akatabasamu tu.
Na hiyo damu yangu, huko iliko, imesema nini?"

Kifungu cha tisa: majibu yatarejeshwa kwa jamii kwa njia muafaka.
Njia muafaka. Naijua sentensi hiyo.
Niliipitisha mie, Jumatano moja, muhuri wa buluu,
baada ya adhuhuri, na njaa.

Dokta Suwedi kapiga simu mara nne.
"Si umeona mwenyewe? Sikughushi."
Hukughushi, dokta.
"Basi nifungulie."

Sijamfungulia. Sijamfungia.
Ripoti iko wazi mbele yangu, *ridhaa*, nukta mbili, halafu weupe.
Saa kumi na moja, wenzangu wameshaondoka,
nimeazima bomba la sindano maabara, lisilo na sindano,
nikachukua kijiko cha kwenye kopo la sukari,
nikapima maji. Nikapima tena. Na tena.

Fomu yasema mililita tano.
Kijiko cha ofisi yetu kinachukua saba.
Nimeliandika hilo kwanza.