Kibandiko

Karakana ya tramu, Ostrava, saa kumi alfajiri.
Tulikuwa tukibishana juu ya kengele tu:
je, ilie kwa Radim, fundi breki,
ambaye kanisani aliingia mara moja,
kuziba bomba lililovuja?

Nikasema: ilie.
Bohdana akaweka kikombe chini.
"Kwanza utuambie u nani.
Mkatoliki? Mkana Mungu?
Tujue tunamjibu nani."

Nikajipapasa kama aliyepoteza tiketi.
Nilibatizwa. Sisali. Jumapili nalala.
Lakini pale njia panda ya Svinov,
theluji ikifunika reli,
huwa nanong'ona kitu, sijui kwa nani.
Hilo nalo lina jina gani?

"Haya, niite Mkatoliki," nikasema,
ili tuendelee.

Hatukuendelea.
Tangu hapo nikawa najibu mashtaka ya mapapa wa Roma,
ya vita, ya dhahabu ya altare;
Radim akasahaulika mezani
pamoja na ganda la mkate.

Saa kumi na moja nikawasha tramu.
Kibao cha mbele kilisomeka: Nane.
Abiria wakapanda, mabega yana theluji,
wala hawakuuliza dereva anaamini nini,
wala kama breki zinashika.

Zinashika.
Alizikaza Radim.