Nondo Isiyokunjika

Daraja la zamani tulilivunja mwezi wa pili.
Zege liliachia kwa mabamba, kama ganda la muhogo uliochemka,
na ndani, palipolazwa nondo za milimita ishirini,
tulikuta unga mwekundu na kitu chembamba
kama kijiti cha mshikaki.
Maji ya Mkulumuzi hupanda na kushuka mara mbili kwa siku,
na kila yakishuka chumvi husahauliwa nyuma.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo ya daraja ni zege.

Mimi ni mkunja nondo.
Miaka kumi na tisa, toka Chumbageni hadi Horohoro,
nimelipwa kwa hesabu ya ringi,
na bega langu la kulia limeshuka chini ya la kushoto
kwa sababu hiyo na si nyingine.

Lilipofika lori la nondo mpya
nilikamata moja kwa nguvu za mazoea,
nusura nianguke chali:
nilijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo.
Ilikuwa na rangi ya kitunguu kinachoanza kuiva kikaangoni,
imezungushiwa uzi kama mguu uliofungwa bendeji.
"Nyuzi za kioo ndani ya gundi," alisema Injinia Nakijwa.
"Kutu haziijui."

Niliipeleka mezani, nikaibana, nikavuta bomba.
Ikajipinda kama upinde, ikanirudia.
Mara ya pili ililia *pa!*
ikachanua vinyweleo vyeupe
vilivyonizamia viganjani,
nikalala najikuna kama niliyepakwa upupu.

"Hii haikunjwi hapa," Injinia alisema, wala hakunicheka.
"Ringi zake hukunjwa kiwandani, gundi ikiwa bado majimaji."
Samaki mkunje angali mbichi.
Tangu chuoni nausikia,
nikidhani ni habari ya watoto.

Jioni nilibeba kipande hadi kwetu Pongwe.
Mama, aliyesimama nusu ya umri wake mbele ya korona,
mkonge ukiingia jani ukitoka nywele,
alikikwaruza kwa ukucha, akakinusa,
akachomoa unywele mmoja akauvuta taratibu
hadi ukamchana kidole.
"Kamba ni nyuzi zilizokubaliana," alisema, akinyonya damu.
"Hizi zimekubaliana, kisha zikaapa."

Kuna jambo sikumwambia mama.
Chuma hulalamika. Kikizidiwa hurefuka,
daraja huinama, nyufa hufumbua macho,
mwenye miguu akawahi.
Nyuzi hazilalamiki.
Zinashika, zinashika, zinashika,
halafu hazipo.

Nilimuuliza Injinia usiku wa kumwaga zege,
vaibreta ikinguruma, jasho likituingia masikioni.
Alichora juu ya mfuko mtupu wa saruji.
"Tumeziweka nyingi kuliko haja," alisema,
"ili zege, lenye sauti, lilie kwanza."
Na zile nguzo za majini?
Bomba la nyuzi kwa nje, zege kwa ndani:
zege likielemewa hutaka kutanuka,
bomba hulikumbatia, hulikatalia.

Nikaendelea kufunga kwa vibanio vya plastiki,
koleo mfukoni,
nguvu zangu zimekaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Siku ya majaribio malori manne ya mchanga
yalisimama katikati. La tano,
dereva wake, Kihiyo, aligoma kuzima injini.
Mshale wa kipimo ulisogea upana wa punje ya mchele.
Malori yakaondoka, ukarudi.
Watu walipiga makofi juu.
Mimi nilikuwa chini, matope magotini,
sikio nimelibandika kwenye nguzo,
nasikiliza kilio
kisichokuja.

Zile nondo za zamani alizinunua mtu wa chuma chakavu.
Michoro ilisema kilo elfu moja na mia mbili.
Mizani yake ikasema mia saba.
Akanikazia macho kama mwizi:
nyingine umeficha wapi?
Nikamwonyesha maji.