Milimita Mbili

Shafti ya pampu ililetwa kutoka Gongoni
imeviringwa kitenge kama mtoto mwenye homa,
chumvi imeitafuna hesi yake hadi ufizini.
Aliyeileta akasema maji yamesimama mferejini,
akasema tajiri wake hajui neno kesho.

Ngowa akachukua kichanuo cha kupimia,
akajaribu jino moja moja pale palipobaki uzima.
"Milimita mbili," akasema,
kama mtu aliyesomewa deni.
Maana mashine yetu ni ya inchi,
kikongwe kilichoachwa na kiwanda cha pamba,
skrubu yake ndefu haikufunzwa hesabu nyingine.
Ikabidi itolewe ile gia ya meno mia na ishirini na saba,
anayoihifadhi kwenye bati la biskuti
pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe.

"Mbeyu, sikiliza. Kwa inchi ungefungua nusu-nati,
ukarudi mbio, ukaidaka tena saa ikikuita.
Hii ukishaifunga, umeifunga.
Kisu kikifika mwisho kitoe, geuza mashine,
rudi kwa njia ileile uliyokwendea,
kila mzunguko ulioukopa uulipe."

Mwaka jana niliifungua.
Kidole tu kilitangulia kichwa.
Uzi ukapita juu ya uzi, chuma kikawa takataka.
Hakunigombeza. Bolti ile aliiweka dirishani
izuie ubao usipigwe na upepo,
na ipo mpaka leo.

Mkato wa kwanza ulikuwa mwembamba kama wanja.
Nikadondosha mafuta ya nazi kwa brashi
(ya dukani hatuyawezi)
karakana ikanukia jiko la wali.
Nenda. Toa. Geuza. Rudi. Ongeza kidogo.
Nenda. Toa.
Chuma kikajisokota, buluu, kikaanguka kwenye viatu vyangu.

Mara ya kumi na moja, katikati ya safari,
stima ikakatika.
Maweni yote ikashusha pumzi,
friji ya jirani ikanyamaza, redio ikameza neno.
Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye wenzo.
"Usiguse."
Akazima swichi kwanza, maana stima hairudi na hodi.
Akakitoa kisu, akaandika namba yake ukutani kwa chaki.
Mtu wa chumvi akauliza kama hatuna jenereta.
Akauliza tena, mara hii kwa sauti ya tajiri wake.
Ngowa akatandika magunia chini ya mashine,
akalala, bega limeukinga ule wenzo
asipite paka, asipite mtoto,
nisipite hata mimi.

Saa tisa usiku balbu ikafumbua jicho.
Nusu-nati ilikuwa vilevile, midomo imefumba.
Nenda. Toa. Geuza. Rudi.
Nikaipangusa nati kuukuu, nikaijaribu.
Ikagoma.
Ngowa akatazama mlango, hakusema kitu.
Nikaongeza unywele mmoja. Nenda. Toa. Geuza.
Nikaijaribu tena, na kidole kimoja kikatosha:
ikaingia, ikazunguka, ikaenda hadi shingoni
bila kulia.

Nilipogeuka nimwoneshe
alikuwa amesharudi kwenye magunia, anakoroma,
na mtu wa chumvi naye, kichwa juu ya bati la biskuti.
Sikuwaamsha.
Nikashika wenzo,
nikaifungua nusu-nati.
Tik.