Daftari la Kina

Mita kumi: udongo mwekundu. Mita ishirini na sita: changarawe.
Mita arobaini: matale, na keekee inalia kama mtoto wa jino.
Ndivyo ninavyoandika, kazi yangu ni hiyo,
mimi Ndahani, mchimba visima, hapa Kigwe,
stesheni ambayo siku hizi garimoshi hupunguza mwendo tu.

Usiku, jenereta ikipoa, nasoma karatasi tisa
alizonitafsiria padri mstaafu wa Bihawana kutoka Kijerumani,
kwa kalamu ya risasi, herufi zimelala upande:
historia ya utumishi ya nyambizi moja.

Ilishushwa majini Januari, mto ukiwa na barafu.
Ilikabidhiwa kwa kapteni wa miaka thelathini na mmoja.
Safari ya kwanza: siku arobaini na moja, haikuzamisha kitu.
Pembeni padri ameandika: walirudi na ndevu.
Safari ya pili: meli mbili.
Ya tatu ikazunguka ncha ya kusini ya Afrika,
viazi vimetundikwa kati ya mabomba, mkate umeota ukungu mweupe
hadi mabaharia wakauita sungura.

Kina cha majaribio: mita mia mbili na thelathini.
Hapo nikasimama. Mita hizo nazijua.
Najua ni fito ngapi za chuma, siku ngapi, dizeli lita ngapi.
Sijui mtu anakaaje kule chini akinywa kahawa.

Tarehe nane Machi, saa tisa usiku:
meli ya mizigo, tani elfu nne na mia saba.
Topido mbili. Dakika kumi na moja.
Mstari mmoja, nukta.
Unaofuata ni habari ya kichujio cha mafuta kilichoziba.

Ndani ya mstari ule alikuwemo babu, Chiwanga Mbeleje,
mtia makaa, aliyepandia behewa hapahapa
na kibuyu cha maziwa ya mgando,
mtu ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona
yalimfika magotini, mwaka Bahi ilipofurika, wiki mbili tu.

Barua ilifika baada ya mavuno. Karani aliisoma mara mbili.
Bibi Nyemo akauliza jambo moja: hiyo bahari ina ladha gani?
Akajibiwa.
Tangu siku ile hakutia chumvi chakulani.
Mlenda wake tuliula chapwa hadi tukazoea,
wageni wakidhani ni umaskini.
Na zizini, pale alipopaswa kulazwa mwenye boma,
ng'ombe waliendelea kukojoa.

Natafuta hasira kwenye karatasi ya tisa. Naikosa.
Safari ya tano: haikurejea. Mahali: hapajulikani kwa hakika.
Waliopotea hamsini na wawili, mmoja mmoja, na miji yao,
hata kijana wa mitambo, miaka kumi na tisa,
wa kijiji cha milimani. Mbali na pwani, ameongeza padri,
na hapo mkono wake umetetemeka.
Nikarudi nyuma, karatasi ya sita, meli ya babu, safu ya majina:
"mabaharia wenyeji, idadi haikutajwa."

Basi hasira hii hapa. Nimeipata.

Leo saa tano asubuhi, mita tisini na nne,
kompresa ikakohoa, kisima kikatapika
vumbi, kisha tope, kisha maji ya kijivu, kisha maangavu.
Wanawake wakapiga vigelegele, ndoo mikononi.
Mwenyekiti wa kijiji akakinga kiganja, akaonja, akatema.
Chumvi.
Vigelegele vikakatika kama uzi wa zeze.

Mimi sikutema.

Fomu ya wizara ina safu ya mwisho, nyembamba: MAELEZO.
Nimeandika: Maji yapo. Hayanyweki.
Kisha, kwa kuwa nafasi ilibaki,
na ofisini hakuna anayesoma mpaka huku:
Chiwanga Mbeleje, mtia makaa, wa Kigwe.
Kina: hakijapimwa.